Siku Redio Iliposoma Blogi ya Chelangat

Chelangat alipoacha kazi ya ukarani katika shamba moja la maua kule Naivasha, watu wa kwao walidhani amefukuzwa. Hakuna aliyeamini kwamba mtu mwenye mshahara, chai ya saa nne na kiti cha kuzunguka anaweza kuamka asubuhi moja na kuandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yake. Mama yake alimpigia simu akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu kilipotea ofisini. Kibii, mdogo wake aliyebaki nyumbani Mau Narok akilima na baba yao, hakuuliza chochote. Alisema tu, "Ni sawa, utapata ingine."

Lakini Chelangat hakuwa anatafuta nyingine. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 2007, na tayari alikuwa amekodi chumba katikati ya mji wa Nakuru, juu ya duka la Gautam la kuuza redio, pasi na nyaya za stima. Aliweka humo meza na kompyuta, akatundika mlangoni kibao cha kutangaza kwamba anatengeneza tovuti za biashara. Na kila asubuhi, akishampeleka binti yake Nabalayo shuleni, alipanda zile ngazi akaandika blogi yake kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Aliiita Kazi na Nyumba. Aliandika jinsi mtu anavyoanza biashara bila mtaji wa maana, jinsi mke na mume wanavyogombana juu ya nani atapika siku wote wamechelewa, na jinsi kompyuta itakavyobadilisha maisha ya mtu wa kawaida. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi. Aliliamini kama wengine wanavyoamini kwamba mvua ya Aprili itanyesha.

Ubaya ni kwamba watu wa kawaida wenyewe hawakuwa na habari. Waliomsoma walikuwa mbali: muuguzi mmoja aliyekuwa Amerika, vijana waliokuwa Dubai, mwanafunzi mmoja kule India. Hao walimwandikia kwamba amewatoa machozi, kwamba amewakumbusha nyumbani. Nakuru yenyewe ilipita chini ya dirisha lake ikinunua balbu kwa Gautam, bila hata kuinua macho.

Na intaneti ilikuwa mateso. Aliunganisha simu yake na kompyuta kwa waya, na picha moja tu ilipoanza kupanda mtandaoni, alikuwa na nafasi ya kufagia chumba, kufagia ngazi, kusalimiana na Gautam na kurudi akaikuta imekwama nusu, paji la uso la mtu bila mdomo. Stima nayo ikienda, inaenda na kazi ya asubuhi nzima.

"Wewe andika kwa karatasi kwanza," Gautam alimshauri siku moja. Alikuwa mzaliwa wa Nakuru, baba yake alifungua duka hilo, na hakuwahi kuona sababu ya kuharakisha kitu. "Karatasi haizimi."

"Gautam, mimi nauza mambo ya kompyuta kwa watu. Wakinipata na karatasi watasema nini?"

"Watasema huyu mama ana akili," Gautam akajibu, akaendelea kukaza skrubu za pasi.

Wateja wenyewe walimchosha kuliko stima. Praful, aliyekuwa na nyumba ya wageni upande wa kuelekea lango la mbuga, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza wa kweli. Chelangat alipiga picha za vyumba, za bustani, za mpishi akiwa amevaa kofia, akaandika maelezo mpaka akajisikia mwenyewe anataka kulala huko. Tovuti ilipokamilika alimpigia Praful simu kwa furaha.

"Vizuri sana, mama," Praful akasema. "Sasa niletee."

"Nikuletee nini?"

"Hiyo tovuti. Niweke hapa mapokezi, wageni waone."

Chelangat alicheka. Praful hakucheka. Alimweleza, akamweleza tena, akaenda mwenyewe na kumwonyesha kwenye saiba, duka la intaneti lililokuwa jirani. Praful alitikisa kichwa kwa heshima, akasema ni nzuri sana, lakini yeye anataka kitu ambacho mgeni ataona akiingia mlangoni. Mwishowe Chelangat aliichapisha kwa rangi, akaitia kwenye fremu. Huenda ikawa ndiyo tovuti ya pekee mjini iliyotundikwa ukutani kwa msumari. Usiku huo alimsimulia mumewe, Khaemba, akitegemea watacheka pamoja.

Khaemba alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mpole, mwenye kupima maneno. Alicheka, kisha akasema, "Lakini mama Nabalayo, huyo si mjinga. Anajua wateja wake wanaingia kwa mlango gani."

Maneno hayo yalimkaa Chelangat kooni kwa siku kadhaa. Alitaka mtu mmoja tu, katika mji mzima, awe upande wake bila kuongeza "lakini".

Mwezi wa nane walipanda Mau Narok kwa sherehe ya jirani aliyekuwa akimwoza binti yake. Baada ya chakula, wageni wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukodi, wazazi walisimama mmoja mmoja kujulisha watu wao. Baba yake, Mzee Kosgei, alisimama na koti lake la kijani, akavua kofia.

"Huyu ni Kibii," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Ndiye anaangalia shamba, ngano na viazi, na mnajua kazi yake. Huyu ni mkwe wangu, mwalimu Khaemba, anafundisha watoto sayansi. Na huyu ni Chelangat, bibi ya mwalimu. Yeye yuko tu."

Watu walipiga makofi. Mzee akakaa. Hakuwa na nia mbaya. Hata Chelangat alijua hivyo. Ndivyo watu wanavyosema juu ya mtu ambaye hana la kutajwa. Lakini alirudi nalo Nakuru njia nzima, "yuko tu, yuko tu", na asubuhi iliyofuata alipanda ngazi bila hata kumsalimia Gautam, akaandika mpaka vidole vikauma.

Aliandika juu ya mzee mmoja bila kumtaja jina. Mzee anayenusa udongo kabla ya kupanda na kukujulisha shamba litazaa nini, anayejua kila ng'ombe kwa kikohozi chake, aliye na trekta nyekundu isiyo na boneti ambayo lazima ibembelezwe kila asubuhi kama mtoto asiyetaka shule. Mzee ambaye hajawahi, hata mara moja, kumwuliza binti yake kazi yake ni nini. "Trekta anaiuliza imelalaje," aliandika. "Mimi niko tu." Aliisoma mara moja, hakurekebisha kitu, akaiachilia.

Hakuna alichowahi kuandika kilichokimbia namna ile. Wanawake ambao hakuwajua waliandika kwamba huyo ni baba yao, kwamba huyo ni mume wao. Watu waliinakili wakaiweka kwenye blogi zao, wakatumiana kwa barua pepe. Kwa wiki nzima Chelangat alitembea mjini akihisi mrefu kidogo.

Halafu Kibii akapiga simu.

"Uko mahali umekaa?" akauliza.

"Nini imetokea? Mama?"

"Mama yuko sawa. Leo tulikuwa kwa stoo na wafanyakazi, tunachagua viazi. Redio ilikuwa imewashwa. Yule mama wa kipindi cha asubuhi akasema amepata barua tamu sana kwa kompyuta, ya msichana wa Kikalenjin, akaanza kuitafsiri."

Chelangat alikaa.

"Mwanzo watu walikuwa wanacheka tu," Kibii akaendelea. "Vile alifika kwa trekta, watu wakanyamaza. Wote wakaangalia nje. Trekta iko hapo, Chelangat. Iko hapo nje, haina boneti."

"Na Baba?"

"Alingoja hadi ikaisha. Akazima redio. Akarudi kuchagua viazi. Lakini alikuwa anaweka zile zimeoza pamoja na nzuri. Hakuna mtu alijaribu kumwambia."

Kwa miezi mingi Chelangat alikuwa ametamani baba yake amsome. Sasa alikuwa amesomwa, tena kwa chombo pekee ambacho mzee alikiamini, mbele ya vibarua wake, kwa sauti ya mwanamke mwingine. Aliiandikia stesheni ile kulalamika kwamba hakuombwa ruhusa. Alijibiwa kwa ukarimu mkubwa: wanashukuru sana kwa kazi nzuri, awaletee nyingine.

Yeye na Khaemba waliitwa nyumbani kwa kikao. Mama aliwapa chai, akakaa karibu na mlango. Mzee Kosgei hakupaza sauti; hilo ndilo lililokuwa gumu. Aliangalia mikono yake.

"Mimi sijui kompyuta," alisema. "Lakini najua kitu ikiandikwa inaweza kufutwa. Futa."

"Nitafuta, Baba. Lakini watu wameshaichukua. Ile iko kwao siwezi kuifikia."

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Basi futa."

Alijaribu kumweleza. Alisema ni kama redio yenyewe: ukishatangaza, huwezi kuingia masikioni mwa watu ukatoa neno. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Khaemba, kana kwamba mwalimu wa fizikia angeweza kutoa jibu lenye akili zaidi. Khaemba akakohoa. "Ni kweli anavyosema, Mzee," alisema, lakini alilisema kama mtu anayemtetea mtoto wa darasa lake.

Ndani ya gari Chelangat alilipuka. "Hakuna mtu hata mmoja ameuliza kama ni ukweli! Mama, Kibii, wewe. Ni kufuta tu, kufuta tu."

"Ulitaka asikie," Khaemba akasema. "Amesikia."

"Nilitaka asikie kutoka kwangu."

"Si ungemwambia, basi."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Khaemba alikuwa amesema kweli. Alikuwa amewaandikia watu wa Dubai na Amerika juu ya baba yake, na hakuwahi kukaa na baba yake akamwambia, "Baba, mimi ninafanya kazi, na kazi yenyewe ni hii."

Aliifuta. Haukupita muda, mtu mmoja kule sokoni Mau Narok akamletea mzee karatasi iliyochapishwa, imetoka kwenye blogi ya mtu asiyejulikana aliyeko ng'ambo. Mzee alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida.

"Uliniambia umefuta."

"Nilifuta kwangu, Baba."

"Kwako ni wapi tena?" mzee akauliza, na laini ikakatika.

Chelangat hakujua kama ni mtandao au ni mkono wa baba yake. Kuanzia siku hiyo simu zake zilipokelewa na Kibii.

Uchaguzi wa Desemba ulipokuja, na ghasia za kikabila zilizofuata, hata Kibii hakupatikana. Barabara zilifungwa. Mwishoni mwa Januari moshi ulipanda upande wa mitaa ya Rhonda na Kaptembwo, na Khaemba aliwafungia nyumbani, akaweka meza nyuma ya mlango. Nabalayo aliuliza kila asubuhi kama shule imekufa. Kredo ya simu ilikuwa adimu kuliko unga. Ukiipata unachagua nani utampigia na nani utamwacha. Chelangat alipiga Mau Narok hadi akaikariri sauti ya yule mwanamke wa kusema kwamba mteja hapatikani.

Ilipowezekana kufika mjini, alikuta barua pepe zimejaa. Wasomaji wake wa mbali hawakuwa tena wanataka hadithi. Waliandika: mama yangu yuko Kihoto, Naivasha, simu yake haishiki, tafadhali. Ndugu yangu ana kibanda karibu na steji ya matatu, unaweza kuniulizia? Alipiga aliowaweza, aliwauliza aliowajua, na mara nyingi jibu lake lilikuwa ni kwamba hajui. Na chini ya makala zake za zamani, zile za mapishi na biashara, watu walikuwa wameanza kutupiana maneno. Mmoja aliyekuwa akimwita dada mwaka mzima alimwuliza jina lake hilo ni la kabila la upande gani. Mwingine akauliza jina la mume wake ni la wapi, na kama wanalala kitanda kimoja. Kulikuwa na mengine mabaya zaidi, ambayo hakumwonyesha hata Khaemba.

Aliwahi kuandika, kwa maneno hayohayo, kwamba watu wakipata mahali pa kuzungumza wataelewana. Sasa alisoma sentensi hiyo ikiwa imezungukwa na matusi pande zote, akaona haya kama mtu aliyekutwa akiimba peke yake. Alifunga sehemu ya maoni. Alipoteremka, Gautam alikuwa amefungua mlango nusu tu, tayari kuushusha.

"Umemaliza?" Gautam akauliza.

"Nimefunga."

"Duka?"

"Midomo ya watu."

Gautam akatikisa kichwa. "Hiyo haina kufuli, Chelangat," alisema, naye akashusha mlango.

Ujumbe mfupi wa Kibii uliingia siku chache baadaye. Tuko. Nyumba iko. Mzee anauliza mtoto ako aje. Chelangat aliusoma akiwa amesimama jikoni, machozi yakamtoka kwa furaha, kisha hasira ikaja juu ya furaha. Mtoto. Hakuulizia yeye. Alijibu kwamba wote wako sawa, na yeye Mzee yuko aje? Ujumbe ulikataa kwenda. Aliutuma tena na tena, na mwishowe akaitupa simu kwenye beseni ya nguo.

Amani ilipotangazwa, watalii hawakurudi nayo. Nyumba za wageni zilifungwa vyumba, na Praful alimwambia kwa upole kwamba hana mgeni wa kuonyesha chochote, kwa mlango wala kwa kompyuta. Shule na maduka yaliyokuwa yameahidi kazi yaliacha kupokea simu. Mwezi wa nne Chelangat alianza kufundisha kompyuta katika chuo kimoja kidogo mjini, akiwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuchapa kwenye vibao vya kompyuta ambavyo herufi zake zilikuwa zimefutika. Chumba juu ya duka alibaki nacho kwa siku za wikendi tu.

"Angalau ni kazi," Khaemba alisema, akiwa amefurahi kwa dhati.

Chelangat alilichukia neno hilo kuliko matusi yote ya mtandaoni. Mwaka mmoja na zaidi alikuwa amejiita mfanyabiashara, amewafundisha watu wasiomjua jinsi ya kusimama wima, na sasa anarudi kuajiriwa na watu wanamwambia angalau. Aliporudi kwenye blogi jioni, kila alichoandika kilisikika kama hotuba ya mtu mwingine. Alianza na kuacha, alianza na kuacha.

Mwezi wa tano alipanda Mau Narok peke yake. Alimkuta baba yake shambani, matuta ya viazi yakiwa bado mapya wakati miaka mingine watu wangekuwa tayari wanapalilia. Alikuwa amekonda. Walisalimiana kwa mikono, wakasimama wakiangalia matuta, kwani ilikuwa rahisi kuliko kuangaliana.

"Ile kitu yako," mzee akasema. "Bado unaandika?"

"Kidogo."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu."

"Wewe peke yako?"

"Nimejaribu, Baba. Haiwezekani. Kila nikianza na mimi, nyinyi mnaingia."

Mzee aliokota bonge la udongo akalivunja kwa vidole. Chelangat alingoja aseme samahani, au hata amwombe yeye aseme samahani. Chochote ambacho mtu angeweza kukishika. "Nilikosea kukusema kwa watu kabla sijakusema kwako," alisema mwenyewe, hatimaye. "Lakini sikudanganya."

"Hapana, hukudanganya," mzee akasema. Akapangusa mikono kwenye koti, akaongeza, "Siku ingine ukitaka kuniingiza, niambie kwanza."

Chelangat hakujua kama hiyo ilikuwa ruhusa au onyo. Mzee alishaondoka kwenda kuwaita ng'ombe, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena wakati wa chai.

Aliamua kwamba ni ruhusa. Wikendi iliyofuata aliandika juu ya safari hiyo, juu ya matuta machanga na watu waliokonda, na kabla ya kuiachilia alimpigia simu. Kibii alipokea, akampa mzee. Chelangat akasoma, akitafsiri kwa lugha ya nyumbani huku kredo ikienda.

"Ngoja," mzee akamkatiza. "Umesema nilichelewa kupanda kwa sababu ya hofu. Nani alikuambia niliogopa?"

"Baba, kila mtu aliogopa."

"Sema kila mtu, basi. Mimi mbegu ilikosa kufika. Barabara ilikuwa imefungwa. Andika hivyo."

Akaandika hivyo.

"Na hapo umesema nilikasirika miezi yote. Toa. Andika nilinyamaza."

"Lakini ulikasirika."

"Uliniona? Hukuwa hapa."

Chelangat alifumba macho. Ilikuwa kweli hakuwapo, na ndilo lililomkera. Walibishana mpaka kredo ikaisha, akateremka kununua nyingine, akapiga tena, na mzee akawa amekumbuka mengine mawili. Hakutaka mambo ya kukonda yatajwe. Alitaka jina la dawa ya viazi liandikwe sawasawa. Alitaka pia iongezwe kwamba mwaka huu mvua si mbaya, jambo ambalo halikuhusiana na chochote.

Makala ilipotoka ilikuwa nusu ya ilivyokuwa, na haikukimbia popote. Redio haikuitaka. Muuguzi wa Amerika aliandika kwa upole kwamba ile ya mwaka jana ilikuwa na moto zaidi. Chelangat alijua hivyo bila kuambiwa. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akitamani zile sentensi alizotoa, nzuri, kali, ambazo sasa hazingesomwa na mtu yeyote.

Jumatatu, akiwa katikati ya somo chuoni, simu yake ikatetemeka mezani. Ilikuwa namba ya Kibii. Alitoka nje haraka akiogopa habari mbaya.

"Chelangat," ilikuwa sauti ya baba yake. "Ile ya viazi, bado inaweza kurekebishwa? Kuna mahali umekosea."

"Baba, niko darasani. Nafundisha."

"Unafundisha nini?"

Aliegemea ukuta. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wameanza kupiga kelele, na mkuu wa chuo alikuwa anakuja upande huo na uso uliokunjamana. Hakukuwa na wakati mbaya zaidi wa kuulizwa. Alimjibu hata hivyo, harakaharaka, kwa maneno yaliyochanganyikana, na baba yake akamwambia hajaelewa, arudie polepole.